Mkubwa wa Biro Aliyejua Mambo ya Watu

Sikieni kwanza mfano, kisha tutafute maana yake.

Tuseme kwamba katika mji mmoja pana mkubwa wa biro. Chini yake wako makarani kumi na wawili, madereva wawili, na mtu mmoja wa makamo afagiaye asubuhi na kupeleka barua mchana. Mkubwa huyo si mtu mwovu. Hapigi mtu, hatukani mtu, na mshahara hutolewa siku yake. Lakini liko jambo analojivunia kuliko kiti chake na meza yake: yeye ajua watu. Amewaangalia miaka mingi. Ajua kwamba Jumatatu ifuatayo mshahara karani fulani atafika saa tatu badala ya saa moja na nusu, naye atasema kwamba mvua ilimzuia, hata kama ni kiangazi. Ajua kwamba karani mwingine ataomba ruhusa ya kwenda kumzika shangazi yake, na shangazi huyo amekwisha kuzikwa mara tatu. Mambo hayo huyaandika katika daftari dogo lenye jalada jeusi kabla hayajatokea. Yakiisha kutokea hulifungua na kuwaonyesha wageni, akicheka. Mara nyingi apata. Ndiyo hatari yake, kwa maana kama asingepata kamwe, angalikwisha kulitupa daftari motoni.

Basi yule mpeleka barua alikuwa mtu wa pombe. Mshahara wake ulikuwa ukiingia mkono wa kulia na kutoka mkono wa kushoto, na mkewe alizoea kumngojea mlangoni pa biro siku ya malipo ili aokoe angaa pesa ya unga. Hayo yote yalikuwa katika daftari. Siku moja mtu huyo akaenda misioni, akaomba kuandikwa pamoja na wakatekumeni, akaacha pombe. Miezi ikapita. Katekista wa mtaa akafika bironi kuuliza habari za mwenendo wake, kama ilivyo desturi. Mkubwa akafungua daftari, akajibu kwa adabu kabisa kwamba mtu huyo atajizuia mpaka Kwaresima iishe, na siku ya pili ya Pasaka watamkuta kwa mwuza pombe.

Pasaka ikapita, mtu hakunywa. Mkubwa akasema: “Anakunywa kwa siri.” Mwaka ukapita. Akasema: “Awaogopa mapadri. Hofu ikipoa, mtaona.” Tazameni hesabu ya namna hiyo. Mtu akilewa, daftari lilisema kweli. Asipolewa, anajificha, na daftari limesema kweli tena. Nani awezaye kushinda shauri hilo, ikiwa mshtaki ndiye hakimu, na hakimu ndiye shahidi?

Maneno hayo yakafika masikioni mwa mpeleka barua, kwa maana makarani hawawezi kukaa na neno tamu kinywani. Hakukasirika. Ingalikuwa afadhali akasirike. Aliingiwa na shaka tu. Mkubwa amesoma, ameona watu wengi, amesema kweli juu ya wengine wote. Kwa nini awe amekosa juu yake? Jioni moja ya mshahara akasimama mbele ya nyumba ya pombe, pesa mfukoni, akisikia wenzake wa zamani wakimwita kwa jina lake la utani. Akawaza: “Ikiwa imekwisha kuandikwa, nateseka bure kwa nini?”

Tumwache hapo njiani kwa kitambo. Tutamrudia.

Msidhani kwamba mkubwa huyo akaa mjini tu. Kila kijiji kina wakubwa wa biro wasio na biro. Hukaa chini ya mwembe, au kisimani, au jikoni, na daftari lao li ndani ya vichwa vyao. Mtu akianza kushika njia ya sala, husema: “Mtoto wa nyoka ni nyoka. Baba yake alikuwa mwizi.” Mwingine akiacha hirizi, husema: “Ngojeni mtoto wake apate homa, mtamwona usiku akienda kwa mganga.” Mwanamume akibaki na mke mmoja, husema: “Mavuno yakiwa mengi ataoa tena.” Wala hawasemi hivyo kwa chuki siku zote. Pengine ni mama mzazi asemaye, naye analia. Mkatekumeni husikia maneno hayo mara mia kabla ya kubatizwa, na wako waliorudi nyuma kwa sababu ya maneno hayo kuliko kwa sababu ya dhambi zao.

Je, kutazamia mambo ya watu ni dhambi? Hapana. Tusiseme upuzi. Mama ajua kwamba mtoto wake akinyamaza sana jikoni, yu ndani ya sukari. Mwenye duka afungaye sanduku la pesa hamtukani mtu. Mwalimu ajuaye kwamba kijana fulani hapendi hesabu humweka mbele, karibu na ubao, na afanya vema. Mazoea ya mtu ni kama njia ya ng’ombe kwenda mtoni: wamepita huko jana, wamepita juzi, na mwenye kuwatafuta leo huanza huko. Kanisa lenyewe lajua nguvu ya mazoea. Ndiyo sababu Kardinali Lavigerie aliagiza kwamba katika misioni za Mapadri Weupe mtu afundishwe na kujaribiwa miaka minne kabla ya ubatizo, na wengi walinung’unika kwamba ni muda mrefu mno.

Hata wataalamu wa Ulaya walilitafuta jambo hili. Ubelgiji alikuwako mtu mwenye elimu nyingi, Adolphe Quetelet, aliyezaliwa Gand mwaka wa 1796, akawa mkuu wa nyumba ya kuchunguzia nyota mjini Bruxelles. Alizoea kuhesabu mwendo wa nyota, akajiuliza kama mwendo wa watu nao hauhesabiki. Akachukua vitabu vya mahakama ya Ufaransa, akaanza na mwaka wa 1826, akaona ajabu: kila mwaka watu walioshtakiwa kwa makosa makubwa walikuwa karibu 7000, mwaka huu wapungua kidogo, mwaka ule wazidi kidogo. Katika kitabu alichokitoa mwaka wa 1835 alionyesha kwamba hata maovu hurudi kwa hesabu karibu ileile mwaka hata mwaka, mfano wa kodi ambayo watu huilipa bila kukosa. Wasomaji wengi walishtuka. Wakauliza: mtu ni mashini basi?

Lakini Quetelet alijua mpaka wa elimu yake kuliko wengi waliomfuata. Alisema kwamba hesabu hiyo yahusu watu wengi wakitazamwa pamoja, wala haimhusu mtu mmoja mmoja. Tena alisema kwamba sheria na desturi za nchi zikitengenezwa, hesabu nayo yaweza kupungua. Hilo ni neno kubwa. Katekista aliyeandika majina thelathini mwanzo wa mwaka aweza kujua kwamba wengine wataacha kabla ya mwisho. Miaka iliyopita imemfundisha. Lakini achukue daftari lake la majina, aweke kidole juu ya jina moja na kusema: “Huyu ndiye” — amekwisha kutoka katika elimu na kuingia katika uaguzi. Waaguzi tunawakataza wakatekumeni. Tusiwe na mwaguzi wetu wenyewe, mwenye kalamu badala ya vibuyu.

Na sasa tusome Maandiko. Ni nani wa kwanza aliyejivuna mbele ya Mungu kwamba ajua mtu fulani atafanya nini? Ni Shetani. Fungueni kitabu cha Yobu, mlango wa kwanza na wa pili. Mungu amsifu Yobu mtumishi wake. Shetani ajibu kama mtu aliyeona mengi: Yobu amcha Mungu kwa sababu apata faida; mali yake iguswe, naye atamtukana Mungu usoni. Mali ikaguswa, watoto wakafa, Yobu akaanguka chini akasujudu. Shetani hakuona haya. Akasema kwamba ngozi yake mwenyewe bado haijaguswa. Yobu akapigwa majipu toka wayo hata utosi, akakaa majivuni akijikuna kwa kigae. Alilia, aliuliza, alibishana na Mungu kwa uchungu mwingi, lakini neno lile ambalo Shetani alikwisha kulitabiri halikutoka kinywani mwake. Shetani ana akili kuliko wakubwa wote wa biro, naye ametazama watu tangu Adamu. Hata hivyo Mtakatifu Tomaso wa Akwino afundisha kwamba malaika, wema kwa wabaya, hawawezi kusoma siri ya moyo wa mtu. Huona alama za nje na kukisia. Mungu peke yake huingia mle.

Wala wabaya peke yao hawakosei. Watakatifu nao wamewahi kuandika watu katika daftari. Habari hii imo katika Matendo ya Mitume, na ni vizuri isomwe polepole.

Paulo na Barnaba walipoanza safari yao ya kwanza walimchukua kijana mmoja awasaidie, Yohane aitwaye Marko. Walipofika Perge katika nchi ya Pamfilia, Marko akawaacha, akarudi Yeruzalemu. Maandiko hayasemi kwa nini. Pengine ni homa, pengine ni hofu ya milima na wanyang’anyi, pengine alimkumbuka mama yake. Kila asomaye hudhani lake. Paulo hakusahau. Baadaye walipotaka kusafiri tena, Barnaba akasema wamchukue Marko. Paulo akakataa: mtu aliyetuacha njiani hafai kuchukuliwa. Hapo waligombana sana, hata mitume wawili waliopendana wakaachana. Barnaba akamchukua Marko wakapanda merikebu kwenda Kipro, na Paulo akaenda na Sila.

Paulo alikuwa na sababu. Safari ile ilikuwa ya mawe na fimbo na gereza, na mtu akimbiaye mara moja aweza kukimbia mara ya pili. Mkubwa yeyote mwenye busara angalisema vivyo hivyo. Lakini liko neno alilolisahau Paulo siku ile. Yeye mwenyewe alipofika Yeruzalemu baada ya kuongoka, wanafunzi wote walimwogopa. Walikuwa na haki kumwogopa: huyu ndiye aliyeshika nguo za waliompiga Stefano mawe, huyu ndiye aliyewafunga wanaume na wanawake. Hawakusadiki kwamba amekuwa mwanafunzi. Walidhani ni hila. Daftari lao lilikuwa limekamilika. Ni nani aliyemshika mkono akampeleka kwa mitume? Ni Barnaba, yuleyule. Barnaba hakuwa mtu wa kutoona makosa ya watu. Alimjua Saulo, alimjua Marko pia, kwani alikuwa ndugu yake. Ila hakukubali kwamba mambo yamekwisha.

Miaka ikapita. Paulo amefungwa, azeeka, angojea kifo. Wengi wamemwacha, Luka peke yake yu pamoja naye. Amwandikia Timoteo barua ya pili, na katika mlango wa nne, kati ya habari za joho lake na vitabu vyake, amwagiza amlete Marko, kwa maana amfaa kwa kazi. Marko! Yule wa Perge. Paulo aliufuta ukurasa wake kwa mkono wake mwenyewe, tena akiwa gerezani, mahali ambapo mtu humtaka yule tu amtegemeaye. Na kama Paulo angalikuwa na uwezo wa kumzuia Marko kabisa siku ile ya ugomvi, je, tungalikuwa na Injili inayosomwa kwa jina lake?

Nchi ya Kongo nayo ina habari yake, wala haihitaji kuazima ya mbali.

Mwenye Heri Isidori Bakanja alikuwa kijana wa Ekwateri. Alifanya kazi ya kuwasaidia waashi huko Mbandaka, iliyoitwa wakati ule Coquilhatville, akafundishwa dini na watawa wa Trapiste, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Alipewa rozari na skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vipande viwili vya kitambaa vyenye uzi, vinavyovaliwa shingoni. Kisha akaajiriwa kuwa boyi wa Mzungu mmoja wa kampuni, akafuatana naye hata Ikili, penye shamba la mpira. Pale Ikili palikuwa na mkubwa aliyewachukia mapadri na wote waliofuata mafundisho yao. Bakanja alikuwa akiwafundisha wenzake sala baada ya kazi. Mkubwa akamkataza. Alikuwa na utabiri wake: boyi huyu atafundisha kijiji kizima kusali, na hatapatikana mtu wa kufanya kazi. Lakini Bakanja mwenyewe alikuwa akisali na akifanya kazi, mbele ya macho yake, kila siku! Mtu aliyekwisha kuamua watu watafanya nini huacha kutazama wanalofanya.

Akamwamuru avue skapulari. Bakanja hakuivua. Akapigwa. Mwenye kupiga ana hesabu fupi sana juu ya mtu: maumivu yakizidi, kitambaa kitaanguka. Hesabu hiyo imefaulu mara nyingi katika dunia, tusidanganyane. Wengi wamevua, na Mungu awahurumie. Mwaka wa 1909 mkubwa yule akairarua skapulari shingoni mwa Bakanja, akamlaza chini, akaamuru apigwe kwa kiboko cha ngozi ya tembo chenye misumari. Alipigwa zaidi ya viboko mia. Mgongo wake ukawa kidonda kimoja. Akafungwa kwa minyororo. Baadaye, mkubwa aliposikia kwamba mkaguzi wa kampuni yu njiani, akamwondosha ili asionekane. Lakini Bakanja, asiyeweza kutembea, akajikokota na kujificha msituni, na mkaguzi akamkuta. Aliona kitu ambacho hakuweza kukisahau, akamchukua hata Busira ili atibiwe. Vidonda vilikuwa vimekwisha kuoza.

Alikaa miezi katika mateso hayo. Aliwaambia waliomwuguza kwamba wakimwona mama yake, au wakienda kwa hakimu, au wakikutana na padri, wawaambie kwamba anakufa kwa kuwa yeye ni mkristu. Mapadri wawili wa Trapiste wakafika mwezi wa Julai, wakampa sakramenti. Wakamsihi amsamehe aliyemtesa. Akajibu kwamba amekwisha kumsamehe, na akifika mbinguni atamwombea sana.

Neno hilo hakuna mkubwa aliyeweza kulitia katika daftari lolote. Kwamba mtumishi ataogopa, laandikika. Kwamba atachukia, laandikika pia. Kwamba atalala juu ya tumbo miezi mingi, kwa sababu hana mgongo wa kulalia, naye amwombee aliyemfanyia hivyo — nani angalidhani? Alikufa tarehe 15 Agosti 1909, siku ya Maria kupalizwa mbinguni, rozari mkononi na skapulari shingoni. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994. Alikuwa mkristu wa miaka mitatu tu. Na walio wengi, kama wangaliulizwa mwaka wa 1906, wangalisema kwamba dini ya boyi huisha mshahara ukiongezwa.

Hapo mkatekumeni mwenye akili huuliza swali, na linarudi kila mwaka darasani: Mungu je? Si ajua yote nitakayofanya? Basi daftari lipo, tena ni la Mungu mwenyewe, nami nitakwepaje?

Swali ni jema. Mtakatifu Agostino alilijibu zamani: wewe wakumbuka jambo la jana, lakini kumbukumbu yako haikulilazimisha litokee, vivyo hivyo Mungu aona la kesho, na kuona kwake hakukusukumi. Mtakatifu Tomaso naye hutoa mfano wa njia. Mtu atembeaye njiani haoni wanaokuja nyuma yake. Lakini aliye juu ya kilima huona wasafiri wote kwa mara moja, wa mbele na wa nyuma. Je, yule wa kilimani ndiye awatembezaye? Mkubwa wa biro yumo njiani pamoja na sisi, akihesabu migongo michache iliyo mbele yake, naye adhani yuko kilimani.

Tena iko tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi. Usiku ule wa Karamu ya mwisho Petro alijitabiria mwenyewe: hata wote wakimwacha Bwana, yeye hatamwacha, yu tayari kwa gereza na kwa kifo. Hakusema uongo. Alikosa hesabu tu, kama tukosavyo sisi tunapoapa mbele ya watu kwamba hatutaanguka tena kamwe. Yezu alijua kweli, akamwambia kwamba kabla ya jogoo kuwika atamkana mara tatu. Lakini someni Luka, mlango wa 22, mwone aliyomwambia kwanza: kwamba amemwombea imani yake isipunguke, na kwamba atakapoongoka awaimarishe ndugu zake. Alimpa kazi ya baada ya kuanguka kabla hajaanguka! Mkubwa wa biro akijua kosa la mtu hukaa akilingojea, na likija hufurahi kidogo, hata kama hakubali. Yezu alijua kosa, akaligharimia sala. Hata Yuda, aliyekuja na mienge na askari, aliitwa rafiki katika bustani, saa ile ya mwisho, mlango ukiwa bado wazi.

Kwa hiyo wako wakatekumeni walio wakubwa wa biro juu ya nafsi zao wenyewe, nao wana namna mbili. Mmoja huandika: “Mimi sitashindwa,” kama Petro mbele ya mezani. Mwingine huandika: “Mimi sitaweza,” naye hufanana na Petro aliye nje usiku akilia, ila yeye hangoji asubuhi. Huyu wa pili hujiona mnyenyekevu. Padri mwenye kuungamisha ajua jinsi unyenyekevu huo ulivyo mgumu kuponya kuliko majivuno ya yule wa kwanza, kwa maana mwenye majivuno mapema au baadaye huanguka na kuamka na akili, lakini aliyekwisha kujiandikia hukumu huitunza kama mali ya urithi.

Na Kanisa lafanyaje? Limemtazama mkatekumeni miaka yote hiyo. Lina ushuhuda wa katekista, wa msimamizi, wa jirani. Lingaliweza kujumlisha hesabu na kumbatiza mtu bila maneno mengine. Halifanyi hivyo. Usiku wa mkesha wa Pasaka, mbele ya maji, padri amgeukia mtu mzima aliyetazamwa muda wote huo, amwuliza kama amkataa Shetani na mambo yake yote, kama aamini. Amwuliza kana kwamba hajui. Kisha anyamaza. Katika makanisa yetu, yenye watoto wengi na kikohozi kingi, ndiyo saa ya kimya kuliko zote. Katekista hawezi kumjibia, wala mama yake, wala msimamizi amshikaye bega.

Mpeleka barua tuliyemwacha mbele ya nyumba ya pombe alikuwa amejifunza habari ya maswali hayo juma lilelile. Hakuna malaika aliyeshuka kumvuta mkono. Alisimama kwa muda mrefu, hata mtu mmoja akatoka kumletea kikombe hapo alipo, na mkono wake ukainuka nusu. Ndipo lilipomjia wazo dogo, lisilo na utukufu wowote: kwamba watu wengi wamekwisha kuandika habari zake, lakini hajaulizwa bado. Akasema “asante, ndugu,” akaenda zake.

Mkewe alikuwa mlangoni. Akamhesabia pesa mkononi, zote, kasoro ya kipande cha sabuni alichonunua njiani. Kesho yake saa moja na nusu alikuwa akifagia biro. Mkubwa alipoingia alimwitikia salamu, akaketi, akafungua daftari jeusi, akautafuta ukurasa, akaandika tarehe, na mbele ya tarehe neno moja: “Bado.”